Memori kea Marekani: kabla hamjamhamisha mama, jueni mnanunua nini na nani atalipa

Ukiingia kwenye grupu la WhatsApp la familia ya Kitanzania au Kikenya yenye mzazi mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo wa kusahau na kuchanganyikiwa, hapa Marekani, ugomvi ni ule ule. Dada anayeishi na mama, tuseme Houston au Columbus, kachoka, anaandika jamani mimi siwezi tena tutafute sehemu. Kaka mkubwa aliyeko Dar anatuma voisi noti ndefu kwamba kwetu wazazi hawatupwi. Mwingine anauliza kwani Medicare, ile bima ya serikali ya wazee, si inalipa? Shangazi anasema tuombe Mungu. Halafu kimya, miezi inapita, mpaka siku mama anateleza bafuni anavunjika nyonga, analazwa, na hapo ndo uamuzi unafanyika ndani ya siku mbili tatu, tena unasukumwa na mfanyakazi wa hospitali ambaye kazi yake ni kutafutia watu pa kwenda ili vitanda vipatikane.

Mimi nimefanya hizi kazi za kutunza wazee kama Waafrika wengi tu huku, na ninachokiona ni kwamba mambo matatu yanachanganywa yanakuwa ugomvi mmoja: ugonjwa umefika wapi, nani anafanya kazi ya kumtunza, na hela inatoka wapi. Upendo haumo kwenye hesabu, kila mtu kwenye lile grupu anampenda mama. Swali la kuanzia ni nani yuko macho saa tisa usiku. Mkilijibu hilo bila kudanganyana, mengine yanaanza kujipanga.

Hii memori kea ni kitu gani hasa

Hospitali sio. Nasingi homu pia sio, ingawa wengi tunaziita zote hivyo hivyo. Nasingi homu ina manesi saa 24, ni ya mtu ambaye mwili wenyewe unataka uuguzi, ana vidonda, analishwa kwa mpira, hawezi kujigeuza kitandani. Inabanwa na sheria za serikali kuu na ukiingia tovuti ya Medicare utaona imepewa nyota ngapi kati ya tano. Memori kea kwa kawaida ni sehemu ya yale makazi ya wazee yanayoitwa asistidi livingi, yaani una chumba chako, unapikiwa, unasaidiwa kuoga na kupewa dawa kwa wakati, isipokuwa huku mlango unafunguka kwa namba za siri ili mtu asitoke akapotea, na wahudumu wanatakiwa wawe wamefundishwa kuishi na watu wenye dimenshia.

Sasa tatizo liko hapa. Hakuna sheria moja ya nchi nzima inayosema memori kea lazima iweje, kila jimbo na lake. Kwa hiyo bango lile lile linaweza kuwa kwenye jengo lenye wahudumu wanaojua kazi na bustani ya kutembea, au kwenye ghorofa ya pili ya jengo la kawaida lililowekewa kitasa cha namba basi. Na zile nyota za Medicare haziwahusu, wao mtawatafuta kwenye ripoti za ukaguzi za jimbo, ambazo majimbo mengi yanaziweka wazi mtandaoni na karibu hakuna anayezisoma. Zisomeni. Ukikuta jengo limeandikwa mara tatu kwamba mzee alitoka nje bila mtu kujua, zulia zuri la mapokezi halikusaidii kitu.

Kuna kitu kingine familia nyingi zinakipita, nyumba ndogo za mtaani. Jimbo la Washington linazipa leseni za wazee wasiozidi sita, chache mpaka nane, na wamiliki wengi ni wahamiaji wakiwemo watu wa kwetu Afrika Mashariki. Majimbo mengine yana kitu kama hicho kwa majina tofauti. Mzee anakaa kwenye nyumba ya kawaida, jikoni kunanukia chakula, wahudumu ni wale wale wawili watatu kila siku. Hazina matangazo kwa hiyo hamtaziona mpaka muulize, na ubora unapishana sana, lakini kwa mama asiyependa makelele mimi ningeanzia huko kabla ya yale majengo yenye piano.

Kwanza muwe na uhakika ni dimenshia

Sehemu hii naipita haraka ila msiiruke. Mzee akibadilika ghafla ndani ya siku chache, anaongea hovyo, anaona vitu, usiseme ugonjwa umeongezeka, mpelekeni apimwe mkojo na damu, manake UTI tu inaweza kumvuruga mtu mzima kiasi hicho. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingoni, sonona, hata vile vidonge vya mafua na usingizi vya dukani vyenye difenihidramini vinaweza kufanya kichwa kiwe kizito ukadhani ndo yenyewe. Halafu dimenshia zenyewe ni nyingi. Alzheimer ndo kubwa, Shirika la Afya Duniani linasema ni asilimia 60 mpaka 70 ya wote, inafuata ya mishipa ya damu ambayo watu wa presha na sukari tunaijua, halafu ile ya Lewy ambayo mtu anaona watoto au wanyama chumbani na mikono inatetemeka kama ya Parkinson. Hii ya mwisho lazima iandikwe kwenye faili, kwa sababu mgonjwa wa Lewy akipewa haloperidoli ili atulie anaweza kuumia vibaya sana.

Na daktari akimpima mama kwa Kiingereza, mwanamke aliyeishia darasa la nne Rombo, majibu yatakuwa mabaya hata kama hana ugonjwa. Hospitali zinazopokea hela za serikali kuu zinatakiwa kuleta mkalimani bure. Ombeni. Msimtumie mjukuu.

Nyumbani panaposhindikana

Watu wanasubiri mpaka mama asahau majina ya watoto ndo waseme imefika. Majina sio kipimo. Kuna wazee wanakuita jina la marehemu shangazi yao na bado wanaishi nyumbani vizuri kabisa, wanakula, wanaswali, wanacheka. Kipimo ni usiku, ni choo, ni kuoga, ni mlango. Jioni jua likianza kuzama wengi wao wanachafuka, wanatembea huku na huku, wanasema nataka kwenda kwetu, na usiku hawalali. Chama cha Alzheimer cha Marekani kinasema watu sita kati ya kumi wenye dimenshia watatoka wakapotea angalau mara moja. Mama akitoka Minneapolis mwezi wa kwanza na kanga na ndala hamna muda wa kuita kikao.

Na kuna hili tusilolisema. Wengi wetu tunabeba boksi kwenye hizi hizi nasingi homu. Dada wa watu anamwogesha mama wa Mzungu saa nne usiku, anambadilisha pampasi, anamsemesha vizuri, na mama yake mzazi yuko apatimenti peke yake TV imewashwa mpaka shifti iishe saa moja asubuhi. Sio kwamba hana huruma, kodi ya nyumba haingoji. Lakini jirani akisikia mzee anagonga mlango usiku kucha akapiga simu, wanakuja watu wa serikali wa kulinda watu wazima, na kisheria kumwacha mtu wa namna hiyo peke yake kunaweza kuhesabika ni kumtelekeza. Ndo maana nasema yule kaka wa voisi noti aulizwe tu kwa upole, usiku wa Jumatano nani yuko macho? Kama jibu ni dada huyo huyo baada ya shifti ya masaa kumi na mbili basi mpango wa nyumbani haupo, kuna jina tu la mpango.

Kabla ya kuhama kuna hatua za katikati ambazo watu hawazijui. Kuna vituo vya mchana, mama anachukuliwa na basi asubuhi anarudi jioni. Kuna majimbo mengi ambayo Medicaid, ile bima ya serikali ya watu wa kipato cha chini, inamlipa mtoto kumtunza mzazi wake, New York, California, Minnesota, Washington zote zina mipango ya namna hiyo, masaa yanahesabiwa na unalipwa kama kazi nyingine. Na tangu Julai 2024 Medicare yenyewe ina majaribio ya miaka minane yanayoitwa GUIDE, kliniki iliyoingia inakupa mtu wa kuwaongoza na kwa wanaostahili kuna mpaka dola 2,500 kwa mwaka za kumlipa mtu akae na mgonjwa ili wewe upumue. Ni kwa wenye Medicare ya kawaida, sio zile za kampuni binafsi, na asiwe yuko nasingi homu. Muulizeni daktari kama kliniki yake imo.

Hela, hapa ndo penyewe

Medicare hailipi memori kea. Naomba niirudie kwa sababu nimeona watu wanabishana mpaka wanakasirika: Medicare hailipi chumba, hailipi chakula, hailipi mtu wa kumwogesha mama kila siku kwa miaka. Inacholipa ni uuguzi wa muda mfupi nasingi homu baada ya kulazwa hospitali, mwisho siku 100, siku 20 za kwanza bure halafu kuanzia ya 21 unachangia, mwaka 2025 ilikuwa dola 209.50 kwa siku. Na hata hiyo ina mtego. Lazima awe amelazwa rasmi siku tatu. Hospitali zinaweza kumweka kitandani siku nne wakamwandika kwamba yuko chini ya uangalizi tu, hajalazwa, na kwa Medicare ya kawaida hizo siku hazihesabiki. Wakiwapa karatasi ya uangalizi siku ya kwanza ulizeni hapo hapo. Na wakisema kesho anatoka na nyie mnaona hayuko tayari, mgonjwa aliyelazwa ana haki ya kukata rufaa, karatasi ya rufaa wanayo, watawapa mkiiomba.

Bei zenyewe: utafiti wa CareScout wa 2024 uliweka asistidi livingi ya kawaida kwenye dola 5,900 kwa mwezi, hiyo ni ya katikati kwa nchi nzima, na chumba cha peke yako nasingi homu kinapita 10,000. Memori kea inakaa juu ya asistidi livingi. Chama cha Alzheimer kinasema mtu wa miaka 65 na zaidi anaishi kwa wastani miaka minne mpaka minane baada ya kuambiwa, wengine mpaka 20. Pigeni hesabu wenyewe, mimi nikipiga naona mshahara wa CNA wawili, yaani wahudumu wenye cheti, umekwisha na hamjala.

Anayelipa kwa muda mrefu ni Medicaid, ambayo inaendeshwa na kila jimbo. Nasingi homu inailipia kwa anayestahili, chumba na chakula vikiwemo, ila kipato chake mwenyewe kwa sehemu kubwa kinachangia kwanza. Memori kea inategemea, majimbo mengi yana weva, yaani mipango maalum ya Medicaid, zinazolipia huduma lakini sio chumba na chakula, na mara nyingi kuna foleni. Kustahili, majimbo mengi yanataka mgonjwa awe na mali isiyozidi dola 2,000, nyumba anayoishi na gari mara nyingi havihesabiwi. Mke au mume anayebaki nyumbani hanyang'anywi kila kitu, anaruhusiwa kubaki na kiasi, kikomo cha juu 2025 kilikuwa dola 157,920. Mgonjwa akishafariki jimbo linaweza kudai hela zake kwenye mali alizoacha. Watu wakisikia hilo wanakimbia kuandikisha nyumba kwa majina ya watoto, sasa majimbo karibu yote yanaangalia miaka mitano nyuma, na zawadi yoyote mama aliyotoa ndani ya muda huo inaweza kumfungia mlango kwa miezi. Zawadi ni pamoja na zile dola alizokuwa anatuma nyumbani kumjengea mjomba. Kiwanja cha Kigamboni nacho kinaulizwa kwenye fomu, na ile fomu ni ya kiapo. Tafuteni mwanasheria wa mambo ya wazee kabla hamjahamisha chochote, saa moja ya mwanasheria ni rahisi kuliko mwezi mmoja wa nasingi homu.

Halafu karatasi za uhamiaji, ambapo vitabu vya Wazungu vya dimenshia havifiki. Mzazi aliyeletwa na mtoto kwa grini kadi hajafanya kazi hapa miaka kumi, kwa hiyo Medicare hapati bure. Akifikisha miaka 65 na akakaa mfululizo miaka mitano anaweza kuinunua, sehemu A, ile ya hospitali, peke yake ilikuwa mpaka dola 518 kwa mwezi mwaka 2025, na sehemu B, ile ya madaktari, juu yake. Medicaid nayo kwa wengi wenye grini kadi inangoja miaka mitano, na hata ikipita ile fomu ya udhamini uliyosaini ulipomleta inaweza kufanya kipato chako kihesabiwe kama chake. Wakimbizi, wakiwemo Wakongomani na Warundi wengi, walikuwa hawangojei, ila sheria iliyopitishwa Julai 2025 inabadilisha kuanzia Oktoba 2026, kwa hiyo hapo tafuteni msaada wa kisheria wa bure mapema. Uraia unafungua milango mingi, na mzee mwenye dimenshia anaweza kusamehewa mtihani wa Kiingereza na historia, kuna fomu N-648 inajazwa na daktari. Nashauri hili lishughulikiwe mapema kabisa, mama akiwa bado anajua yuko wapi.

Na sahihi pia mapema. Hati ya kumpa mtoto uwezo wa kushika hela zake, na nyingine ya kumpa mtu mamlaka ya kuamua matibabu, zinasainiwa mama akiwa bado anaelewa anachosaini. Ikishapita hapo ni mahakamani kuomba uangalizi, miezi na maelfu ya dola. Ningekuwa na nafasi ya kufanya jambo moja tu mwezi huu kwa mzazi aliyeambiwa jana ana Alzheimer, ningefanya hili, dawa zingefuata. Na kwenye kuchagua nani ashike, jamani msichague kwa ukubwa wa kuzaliwa. Chagueni anayepokea simu.

Siku ya kwenda kuangalia

Yale makampuni ya kwenye simu yanayowatafutia sehemu bure yanalipwa na majengo yenyewe, kwa hiyo watawapeleka kwa wanaowalipa. Watumieni mkijua hivyo. Namba za umma zipo, Eldercare Locator 1-800-677-1116, na chama cha Alzheimer 1-800-272-3900 usiku na mchana, wote wanaweza kuleta mkalimani.

Nendeni mara mbili, na ya pili msitoe taarifa, nendeni jioni au Jumapili wakati meneja hayupo. Harufu ya mkojo kidogo mlangoni isiwatishe sana, kazi ni kazi, angalieni kama kuna mtu anaishughulikia. Angalieni wahudumu wanawaongelesha wazee au wanaongea wao kwa wao juu ya vichwa vyao. Muulize CNA, sio meneja, usiku mko wangapi kwa wazee wangapi, na umekaa hapa muda gani. Yule meneja atakwambia wastani, CNA atakwambia jana. Ukikuta nusu yao ni wa wakala na hawajui majina, hiyo sehemu haina watu wa kudumu, na mgonjwa wa dimenshia anachohitaji kuliko vyote ni sura anazozizoea.

Ulizeni dawa za kutuliza. FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, tangu 2005 iliweka onyo kali kwamba dawa za ukichaa kwa wazee wenye dimenshia zinaongeza hatari ya kufa. Kuna wakati zinahitajika kweli lakini sehemu ambayo kila mtu kasinzia saa nne asubuhi, kimbieni.

Mkataba usomeni mpaka mwisho. Bei ya tangazo ni ya chumba, juu yake kuna ngazi za huduma, mama akianza kusaidiwa kula bei inapanda, na kila mwaka inapanda tena. Kuna ada ya kuingia isiyorudishwa. Kuna kipengele cha kufukuzwa, na hapa ulizeni wazi: akianza kupiga watu? akihitaji watu wawili kumnyanyua? hela ikiisha akahamia Medicaid atabaki? Sehemu nyingine zinakubali Medicaid baada ya kulipa mfukoni muda fulani, nyingine hazikubali kabisa na mtatafuta upya. Usisaini kama mdhamini wa deni kwa jina lako. Nasingi homu zimekatazwa na sheria ya 1987 kumlazimisha ndugu kudhamini, na kwa kanuni nyingine kipengele cha kukubali kutokwenda mahakamani hakiruhusiwi kuwa sharti la kumpokea mgonjwa, lakini asistidi livingi hazimo kwenye sheria hizo, kwa hiyo pale unapoweka sahihi andika unasaini kwa niaba ya mama.

Sasa mambo yetu. Ugonjwa ukiendelea Kiingereza kinatoka kwanza. Mama aliyefanya usafi ofisini Dallas miaka 15 akiongea Kiingereza chake vizuri anarudi Kiswahili, halafu anarudi Kichaga kabisa au Kihaya, na mhudumu anaandika kwenye faili mgonjwa haongei inayoeleweka. Waandikieni karatasi moja ukutani: maji, maumivu, choo, njaa, twende, na matamshi yake. Semeni kabisa kama haogeshwi na mwanamume, manake bibi wa Kiislamu anayepigana bafuni mara nyingi hana ukorofi wowote, anajisitiri. Hiyo iandikwe kwenye mpango wa huduma, ukiisema mdomoni inaishia na shifti ile. Halali, udhu, kitambaa cha kichwa, kanga zake ziandikwe jina zisipotee dobi. Sala na nyimbo za kanisani zinabaki muda mrefu sana, mtu asiyejua mwanawe anamaliza Yasin yote, kwa hiyo mletee redio ndogo. Na kwa kuwa sisi tumejaa kwenye hizi kazi, ulizeni shifti ya usiku kama kuna Mkenya au Mtanzania au Mkongomani, mara nyingi yupo, na ni sababu nzuri kabisa ya kuchagua jengo baya kidogo kwa sura.

Kumrudisha nyumbani Bongo

Hili linazungumzwa kila familia na mimi silipingi. Hela ya mwezi mmoja huku inalipa dada wawili wa kumtunza Moshi kwa miezi mingi, lugha ni yake, hali ya hewa haimuui mtu akitoka nje. Lakini Medicare haivuki mpaka, SSI, ule msaada wa serikali kuu kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo, unasimama akiwa nje siku 30 mfululizo, na grini kadi ikikaa nje zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi ina matatizo. Raia hana shida hiyo ya mwisho. Kule pia makao ya wazee yaliyopo, kama Nunge Kigamboni au Nyumba ya Wazee ya masista Kasarani Nairobi, ni kwa ajili ya wazee wasio na watu, sio wodi za dimenshia zenye wahudumu maalum. Kwa hiyo kule atakaa kwenye nyumba ya ndugu, na swali la usiku linahama naye, safari hii linamwangukia dada wa kazi wa miaka 19 ambaye hajafundishwa na wifi ambaye hakuulizwa. Kuna maeneo pia bibi anayezurura usiku na kuongea peke yake hatafsiriwi kama mgonjwa, kule Usukumani na Kisii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Kama mnampeleka, mfundisheni anayempokea, mlipeni vizuri, wawe wawili wapokezane, na mjumbe wa mtaa na majirani waambiwe ugonjwa kwa jina.

Akishahamia

Wiki za kwanza ni mbaya. Atasema mmenitupa, atalia, atakuomba funguo. Wagonjwa wengi wanaomba kwenda kwetu hata wakiwa kwenye nyumba waliyojenga wenyewe, kwa hiyo usibishane naye kwamba kwetu ndo hapa, muulize kwetu kuna nini, ataongea migomba na mto na utaona anatulia. Na wasemaji watasema. Mke wa mwigizaji wa filamu Bruce Willis, ambaye familia ilitangaza 2023 ana dimenshia ya sehemu ya mbele ya ubongo, alisema 2025 kwamba mumewe anaishi nyumba tofauti na wahudumu wake, akashambuliwa na watu ambao hawajawahi kubadilisha mtu mzima pampasi. Wale wana hela za kila kitu na bado ilibidi.

Nendeni saa za ajabu. Ombeni kikao cha mpango wa huduma. Kukiwa na shida na meneja hasikii, kila jimbo lina ombudsmeni wa wazee, yaani mtetezi wao, ni wa bure, na anaweza kuingia jengo lolote la leseni. Mkiona haifai mhamisheni, mara nyingi notisi ni siku 30. Na mama akianza kukataa kula, kulala siku nzima, maambukizi kila mwezi, muulizeni daktari kuhusu hospisi, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu mgonjwa anayeelekea mwisho. Medicare inailipa hata akiwa memori kea, nesi na dawa na kitanda vinakuja pale pale, chumba tu ndo kinabaki kwenu. Namba ya nesi wa hospisi ibandikwe juu ya kitanda kwa maandishi makubwa, manake mhudumu mgeni wa shifti ya usiku akikuta pumzi zimebadilika saa tisa na haoni namba yoyote atapiga 911, namba ya dharura, na wale wa ambulensi wakija wanambeba hospitali.